Mchezaji Huru na Watani wa Jadi: Hisia za Mashabiki wa Simba na Yanga kwa Wachezaji Waliovuka Mtaa, 2013–2025

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna mashabiki wa klabu za Simba na Yanga za Dar es Salaam walivyopokea kuondoka kwa wachezaji waliowapenda, hasa wale ambao mikataba yao ilimalizika na wakajiunga na klabu pinzani bila ada ya uhamisho. Inajadili vipengele vitatu: historia ya kuhama kabla ya zama za mikataba, kuingia kwa kanuni ya mchezaji huru, na mifano ya wachezaji waliovuka kati ya mwaka 2013 na 2024, kuanzia Emmanuel Okwi hadi Clatous Chama. Mfano wa Sol Campbell aliyetoka Tottenham kwenda Arsenal mwaka 2001 unatumika kwa ulinganisho. Hoja kuu ni kwamba hasira ya shabiki wa Kariakoo, japo ni kali, huwa na mlango wa kutokea, na mlango huo ni utani. Hata hivyo, utani hauwezi kujibu swali ambalo mkataba umeliibua: shabiki ana haki gani juu ya mchezaji ambaye sheria inamtambua kuwa huru?

1.0 Utangulizi

Tarehe 1 Julai 2024 klabu ya Yanga ilitangaza kumsajili Clatous Chama, kiungo raia wa Zambia ambaye mkataba wake na Simba ulikuwa umefikia tamati. Kwa upande wa sheria hapakuwa na jambo la kujadiliwa. Mchezaji alikuwa huru, klabu mpya ilimhitaji, na dirisha la usajili lilikuwa wazi. Kwa upande wa mashabiki jambo lilikuwa tofauti kabisa. Mtu aliyeitwa Mwamba wa Lusaka, ambaye jina lake liliimbwa na maelfu waliovaa nyekundu na nyeupe, alionekana amevaa kijani na njano. Habari hiyo ilitawala vijiwe vya kahawa, daladala, redio na magazeti ya michezo kwa siku nyingi.

Tukio hilo si geni katika historia ya soka la Tanzania. Geni ni njia yake. Katika miongo iliyotangulia mchezaji alihama kwa ugomvi, kwa kufukuzwa, kwa kufichwa na viongozi au kwa kufuata ajira. Katika zama za sasa anaweza kuhama kwa sababu tu tarehe imefika. Kalenda imechukua nafasi ya ugomvi, na shabiki ambaye zamani alikuwa na mtu wa kumlaumu sasa anakabiliwa na karatasi iliyokwisha muda wake.

Maandishi mengi kuhusu Simba na Yanga yamejikita katika siasa, uongozi na matokeo ya mechi. Hisia za shabiki anayeachwa na mchezaji wake hutajwa kwa kupita tu, kana kwamba ni kelele za mtaani zisizo na historia. Insha hii inazichukulia hisia hizo kuwa ushahidi wa kihistoria, kwa kuwa ndani yake kuna dhana za watu kuhusu umiliki, uaminifu na kazi.

2.0 Kuhama kabla ya mikataba

Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Kwa mujibu wa simulizi inayokubalika na wengi, mwaka mmoja baadaye kundi lililojitenga na Yanga liliunda klabu nyingine, ambayo baada ya kupitia majina kadhaa, likiwemo la Sunderland, ilichukua jina la Simba mwaka 1971. Kwa hiyo Simba yenyewe ilizaliwa kwa kuhama. Klabu hizi mbili ni nyumba moja iliyogawanyika, na makao yao yamebaki jirani hadi leo: moja katika Mtaa wa Msimbazi, nyingine katika makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani. Umbali kati yake ni wa kutembea kwa miguu. Ndiyo maana mchezaji anayetoka upande mmoja kwenda mwingine husemwa kuwa amevuka mtaa.

Katika kipindi cha ukoloni na miongo ya mwanzo ya uhuru, soka lilichezwa kwa ridhaa. Mchezaji hakulipwa mshahara na klabu. Alikuwa karani, fundi, mpagazi wa bandarini au mtumishi wa shirika la umma, na klabu ilikuwa jamaa yake ya mjini: ilimtafutia pa kulala, ikamsaidia kupata kazi, ikamzika alipofariki. Baada ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, michezo iliwekwa chini ya uangalizi wa serikali, na siasa ya Ujamaa haikuipa nafasi dhana ya mchezaji kuuza kipaji chake. Mchezaji wa aina hiyo hakufungwa na mkataba, bali na hisani. Kilichomfunga kilikuwa kizito zaidi ya karatasi, kwa sababu hakikuwa na tarehe ya mwisho.

Hilo halikuzuia watu kuondoka. Katikati ya miaka ya 1970 mgogoro ndani ya Yanga ulizaa klabu ya Pan African, iliyochukua baadhi ya wachezaji mashuhuri wa wakati huo. Simba nayo ilipata mpasuko wake, uliozaa Nyota Nyekundu. Katika matukio hayo shabiki aliulizwa swali la upande: ubaki na jengo au uwafuate watu? Kuhama kwa mchezaji kulikuwa sehemu ya mgogoro wa jumuiya nzima, na hasira ya mashabiki ilielekezwa kwa kambi, wala si kwa mtu mmoja.

Katika miongo iliyofuata ukaibuka utamaduni wa kuficha wachezaji. Muda wa usajili ulipokaribia, viongozi na wafadhili walimchukua mchezaji wanayemtaka, wakamweka katika nyumba au hoteli isiyojulikana, na kumtoa fomu zilipokwisha kusainiwa. Utamaduni huo ulimpa shabiki faraja ya aina yake. Mchezaji kipenzi alipoonekana upande wa pili, ilikuwa rahisi kusema kwamba alirubuniwa, alilazimishwa au alilewa fedha za watu. Lawama iliangukia aliyemchukua, na mchezaji mwenyewe alibaki kama mtoto aliyeibwa.

3.0 Kanuni ya mchezaji huru

Dhana ya mchezaji huru ina historia ndefu nje ya Afrika Mashariki. Nchini Uingereza, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, klabu iliweza kumzuia mchezaji hata baada ya mkataba wake kuisha. Mwaka 1963, katika shauri la George Eastham dhidi ya Newcastle United, Jaji Wilberforce aliamua kwamba utaratibu huo ulizuia kazi ya mtu isivyo halali. Pigo kubwa zaidi lilikuja tarehe 15 Desemba 1995, pale Mahakama ya Haki ya Ulaya ilipoamua shauri la Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji ambaye mkataba wake na RFC Liège uliisha mwaka 1990 lakini akashindwa kuhamia Dunkerque ya Ufaransa kwa sababu ya ada. Mahakama ilitamka kwamba mchezaji raia wa nchi mwanachama wa Umoja wa Ulaya ambaye mkataba wake umeisha ana haki ya kuhamia klabu ya nchi nyingine ya umoja huo bila ada ya uhamisho.

Mwaka 2001 FIFA ilitoa kanuni mpya za hadhi na uhamisho wa wachezaji, ambazo vyama vya soka duniani vimeendelea kuzifuata pamoja na marekebisho yake. Chini ya kanuni hizo mchezaji anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine iwapo mkataba wake umeisha au umebakiza miezi 6 kuisha. Tanzania iliingia katika utaratibu huo taratibu. Chama cha soka cha FAT kiligeuka kuwa Shirikisho, TFF, mwaka 2004. Wadhamini wa ligi na, baadaye, haki za matangazo ya televisheni vilileta fedha ambazo hazikuwahi kuonekana. Mkataba wa mwaka 2021 kati ya TFF na Azam Media ulikuwa wa miaka 10 na thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo zilifanya mkataba wa mchezaji kuwa kitu chenye uzito mahakamani na sokoni.

Athari yake kwa shabiki haikuzungumzwa sana. Mchezaji anapouzwa, klabu hupata fedha na shabiki hupata maelezo: ameondoka, lakini tumelipwa. Mchezaji huru haachi kitu. Tena, ada ambayo klabu mpya ingelipa kwa klabu ya zamani, sehemu yake huingia mfukoni mwa mchezaji kama fedha ya usajili. Kwa macho ya shabiki, mchezaji ameondoka na mali ya nyumba. Kwa macho ya mchezaji, hiyo ni malipo ya kazi ambayo miguu itaifanya kwa miaka michache tu.

4.0 Waliovuka, 2013–2022

4.1 Okwi

Mshambuliaji wa Uganda, Emmanuel Okwi, aliondoka Simba Januari 2013 kwenda Étoile du Sahel ya Tunisia. Desemba ya mwaka huo alitua Yanga, na mwaka 2014 akarejea Simba baada ya mzozo mpya wa mkataba. Okwi hakuwa mchezaji huru katika maana safi ya kanuni, kwa kuwa kila hatua yake iliandamana na mabishano. Umuhimu wake ni kwamba aliwaonesha mashabiki wa pande zote mbili jambo ambalo kizazi chao kilikuwa hakijalizoea: mchezaji anaweza kwenda na kurudi ndani ya muda mfupi, na mabao yake yakashangiliwa kama kwamba hakuwahi kuondoka.

4.2 Niyonzima na Ajibu

Mwaka 2017 unatoa mfano ulio wazi zaidi. Haruna Niyonzima, kiungo wa Rwanda aliyejiunga na Yanga mwaka 2011 na kushiriki katika kutwaa ubingwa wa ligi mara 4, alimaliza mkataba na kwenda Simba. Katika dirisha hilohilo Ibrahim Ajibu, kijana aliyekulia Simba, alimaliza mkataba na kwenda Yanga. Hali ya uchumi wa klabu inaeleza mengi. Mwenyekiti na mfadhili wa Yanga, Yusuf Manji, alikuwa amejiuzulu Mei 2017, wakati Simba ilikuwa ikielekea katika mfumo wa hisa ambao wanachama wake waliupitisha mwaka huo, mwekezaji Mohammed Dewji akipewa nafasi ya asilimia 49 na wanachama 51.

Baadhi ya mashabiki wa Yanga walichoma moto jezi ya Niyonzima. Kitendo hicho kinastahili kutazamwa kwa makini. Jezi ni kitu ambacho shabiki amekinunua kwa fedha yake. Kuichoma ni kujitia hasara mwenyewe ili kumwonesha aliyeondoka kwamba kilichokuwa kati yao kimekufa, na majivu huchukua nafasi ya msiba ambao hauna maiti.

Katika dirisha hilohilo Simba iliwachukua Aishi Manula, Shomari Kapombe, Erasto Nyoni na John Bocco kutoka Azam FC. Bocco alikuwa nahodha na alama ya Azam kwa miaka mingi. Kuondoka kwao kuliumiza klabu kiufundi, lakini hakukuleta mtikisiko wa mitaani wa kiwango kile. Azam ni klabu ya kampuni. Haina historia ya miaka 80 ya wanachama, na haina mtani. Ulinganisho huu unaonesha kwamba kuondoka peke yake si kiini cha hasira. Kiini ni kuvuka kwenda kwa yule anayekujua vizuri kuliko wote na atakayekukumbusha hasara yako kila asubuhi.

Kilichofuata ni muhimu kuliko moto. Ajibu alikuwa nahodha wa Yanga msimu wa 2018/19, kisha akarudi Simba mkataba ulipoisha mwaka 2019. Niyonzima alirudi Yanga Januari 2020, na Julai 2021 klabu ilimuaga kwa heshima mbele ya mashabiki. Kutoka majivu ya jezi hadi kuagwa kwa heshima ilipita miaka 4 tu.

4.3 Morrison

Bernard Morrison, winga wa Ghana, aliwasili Yanga Januari 2020. Tarehe 8 Machi mwaka huo alifunga kwa mpira wa adhabu bao pekee katika ushindi wa Yanga dhidi ya Simba. Ilichukua miezi 5 tu kwa shujaa huyo kutangazwa kuwa mchezaji wa Simba. Mzozo ulihusu kalenda: Yanga ilidai kwamba alikuwa ameongeza mkataba, mchezaji akadai kwamba mkataba wake mfupi ulikuwa umeisha. Agosti 2020 kamati ya TFF ilimpa ushindi mchezaji, na rufaa ya Yanga katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo haikufanikiwa. Mwaka 2022 Morrison alirudi Yanga.

Mfano huu unaonesha shabiki akijifunza lugha mpya. Kwa wiki kadhaa watu ambao hawakuwahi kusoma kanuni yoyote walijadili saini, tarehe, nakala za mkataba na mamlaka ya kamati. Swali la zamani la nani alimrubuni mchezaji lilitoa nafasi kwa swali la nani alisaini nini na lini. Mchezaji hakuwa tena mtoto aliyeibwa. Alitambuliwa, hata na waliomchukia, kuwa mtu mwenye saini yake.

5.0 Chama, 2024

Clatous Chama alijiunga na Simba mwaka 2018. Desemba mwaka huo bao lake la dakika za mwisho dhidi ya Nkana ya nchini kwao liliipeleka Simba katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Tarehe 16 Machi 2019 alifunga tena mwishoni mwa mechi dhidi ya AS Vita ya Kongo, Simba ikashinda 2-1 na kuingia robo fainali. Alikwenda RS Berkane ya Morocco mwaka 2021, akarudi Januari 2022, na Machi 2023 alifunga mabao 3 katika ushindi wa 7-0 dhidi ya Horoya ya Guinea. Kwa shabiki wa Simba jina lake lilibeba kumbukumbu za usiku wa Afrika, ambazo ndizo kumbukumbu klabu hiyo ilizijivunia zaidi.

Mazingira ya kuondoka kwake yalikuwa magumu. Tarehe 5 Novemba 2023 Simba ilifungwa na Yanga mabao 5-1. Desemba klabu ilimsimamisha Chama kwa sababu za kinidhamu kabla ya kumrejesha kikosini. Msimu ulipoisha Simba ilikuwa nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam, na ikakosa Ligi ya Mabingwa. Kwa hiyo Yanga ilipomtangaza, tangazo hilo liliangukia juu ya jeraha lililokuwa bado bichi.

Mwitikio wa mashabiki wa Simba unaweza kugawanywa katika sauti 4. Sauti ya kwanza iliomboleza. Ilikumbuka Nkana na Vita na kusema kwamba yaliyofanyika hayafutiki. Sauti ya pili ilibeza. Chama alikuwa na umri wa miaka 33, na waliosema hivyo walidai kwamba amekwisha, kwamba Yanga imechukua garasa. Hii ni sauti ya sungura wa hadithini aliyeshindwa kuzifikia ndizi akasema sizitaki mbichi hizi, na ni dawa ya kale ya mtu aliyenyimwa. Sauti ya tatu ililaumu uongozi: kama mkataba unaisha na kila mtu anaijua tarehe, aliyeuacha uishe ni nani? Sauti ya nne ilimwita msaliti.

Inafaa kutambua kwamba sauti hizi hazikugawanyika kwa watu. Shabiki mmoja aliweza kuzitoa zote 4 kwa siku moja, kulingana na aliyekuwa mbele yake. Mbele ya shabiki wa Yanga alibeza, kwa kuwa mtani haoneshwi chozi. Nyumbani aliomboleza. Katika mkutano wa tawi alilaumu viongozi. Neno msaliti alilitumia palipokuwa na umati. Kwa hiyo hisia hizi zisichukuliwe kuwa takwimu za maoni. Ni maneno yanayochaguliwa kulingana na uhusiano wa msemaji na msikilizaji.

Sauti ya tatu ndiyo mpya kihistoria. Katika zama za ridhaa lawama kwa uongozi ilihusu siasa za klabu. Katika mwaka 2024 ilihusu usimamizi wa mikataba. Shabiki alimwona kiongozi kama mlinzi wa mali ya wanachama ambaye amelala. Hapo ndipo asilimia 51 zilipopata maana, au zilipokosa maana. Mwanachama aliyeambiwa kwamba ni mmiliki aligundua kwamba hakuwa na sauti yoyote katika jambo lililomuuma kuliko yote.

6.0 Ulinganisho: London Kaskazini, 2001

Ili kupima upekee wa mifano hii, inafaa kuitazama ile inayotajwa mara nyingi zaidi katika historia ya mchezaji huru. Sol Campbell alikulia Tottenham Hotspur, akawa nahodha na kuinua Kombe la Ligi mwaka 1999. Mkataba wake uliisha katika majira ya joto ya mwaka 2001. Julai mwaka huo alijitokeza mbele ya waandishi wa habari akiwa mchezaji wa Arsenal, jirani na hasimu wa Tottenham, na klabu yake ya zamani haikupata hata senti moja ya ada.

Tarehe 17 Novemba 2001 alirudi katika uwanja wa White Hart Lane. Alipokewa kwa zomeo na kwa maputo meupe yaliyoandikwa jina la Yuda. Mechi iliisha kwa sare ya 1-1, lakini hasira haikuisha. Msimu huo Arsenal ilitwaa ligi na Kombe la FA, na mwaka 2004 ilijihakikishia ubingwa katika uwanja huohuo wa Tottenham. Tarehe 28 Septemba 2008, miaka 7 baada ya kuhama na akiwa tayari mchezaji wa Portsmouth, Campbell alitukanwa na baadhi ya mashabiki wa Tottenham kwa nyimbo za matusi mazito kiasi kwamba polisi waliingilia, na mwaka 2009 baadhi ya wahusika walitiwa hatiani mahakamani na kuzuiwa kuingia viwanjani. Hakurudi Tottenham kamwe.

Mfanano na Dar es Salaam uko wazi: mchezaji kipenzi, mkataba uliokwisha, jirani hasimu, na klabu iliyobaki mikono mitupu. Tofauti iko katika muda. Kule hasira ilidumu hadi ikafika mahakamani. Huku Niyonzima, Ajibu, Okwi na Morrison walirudi wote walikotoka, tena wakapokewa.

7.0 Utani kama mlango

Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa kusema kwamba shabiki wa Dar es Salaam anapenda kidogo. Ushahidi unakataa. Maelezo yanayofaa zaidi yako katika neno ambalo mashabiki wenyewe hulitumia: watani wa jadi.

Utani katika jamii za Tanzania ni uhusiano wenye kanuni. Mara nyingi ulianza pale palipokuwa na vita au safari. Wangoni na Wahehe walipigana katika karne ya 19, kisha wakawa watani; Wanyamwezi na Wazaramo walikutanishwa na misafara ya biashara. Mtani ana ruhusa ya kutukana, kudhihaki na kuchukua kitu chako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Katika msiba ndiye anayevunja kilio kwa mzaha, na pia ndiye anayefanya kazi ngumu za mazishi. Kwa hiyo utani hauondoi uhasama. Unaupa adabu, mipaka na mwisho.

Mchezaji anayevuka mtaa anaingia katika mfumo huo. Mtani amechukua kitu chako, na atakutambia. Wewe utambeza kwamba amechukua kibovu. Msimu ujao utachukua cha kwake. Hata wasemaji hawakubaki nje: Haji Manara, aliyekuwa sauti ya Simba kwa miaka kadhaa na ambaye baba yake, Sunday Manara, aliichezea Yanga, alihamia Yanga mwaka 2021. Katika mfumo wa namna hii aliyevuka hajaenda kwa adui. Ameolewa kwa watani, na aliyeolewa anaweza kurudi kwao.

Hoja hii ina mipaka miwili ambayo haipaswi kufichwa. Mpaka wa kwanza unaonekana katika mfano wa Feisal Salum. Desemba 2022 kiungo huyo wa Zanzibar alitaka kuvunja mkataba wake na Yanga kwa kulipa shilingi milioni 112. Januari 2023 kamati ya TFF iliamua kwamba alikuwa bado mchezaji wa Yanga, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa haujaisha. Mzozo ulidumu hadi Juni, Rais Samia Suluhu Hassan alipoihimiza Yanga ilimalize jambo hilo, na siku chache baadaye akauzwa kwa Azam. Feisal hakwenda kwa mtani, na hakuwa huru. Utani haukuwa na cha kushika. Ilibidi mamlaka ya juu kabisa ya nchi ifanye kazi ambayo kwa kawaida mzaha wa mtaani ungeifanya.

Mpaka wa pili ni wa chombo. Utani ni wa ana kwa ana. Anayekudhihaki ni jirani, fundi wako au shemeji yako, na kesho mtakutana msibani. Katika mitandao ya simu anayetukana hajulikani na hatakutana na anayetukanwa. Maneno ambayo kijiweni yangekatwa na kicheko hubaki yameandikwa, na humfikia mchezaji na familia yake. Iwapo sehemu kubwa ya ushabiki itahamia huko, hakuna uhakika kwamba utani utaendelea kuwa na nguvu uliyokuwa nayo Kariakoo.

8.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonesha mabadiliko ya hatua tatu. Katika zama za ridhaa mchezaji alifungwa na hisani, na kuondoka kwake kulikuwa sehemu ya mgogoro wa jumuiya. Katika zama za kuficha wachezaji alionekana kama mtoto aliyeibwa. Katika zama za mkataba ni mfanyakazi mwenye saini, na kuondoka kwake hakuhitaji ugomvi wala mwizi. Lugha ya mashabiki haikubadilika kwa kasi hiyo. Neno usaliti lina maana pale palipo na kiapo, na mchezaji wa mkataba hakula kiapo. Alikubali kucheza hadi tarehe fulani, akacheza.

Hata hivyo, itakuwa makosa kuhitimisha kwamba shabiki hana haki ya kuumia. Mapenzi yake hayana tarehe ya mwisho, na klabu inayajua hayo inapomuuzia kadi ya uanachama, jezi na tiketi. Kisicho sawa ni kumdai mchezaji deni ambalo ni la klabu. Chama alimaliza mkataba wake na Simba, akamaliza msimu mmoja na Yanga, na mwaka 2025 akaenda Singida Black Stars. Simba, bila yeye, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka huohuo. Wote wawili waliendelea kuishi. Aliyebaki na swali ni mwanachama, ambaye kwenye karatasi ni mmiliki wa klabu lakini siku ya tangazo hupata habari sawa na mpita njia. Katiba za klabu hizi zinapoendelea kuandikwa upya, uhusiano huo kati ya umiliki na taarifa ndio unaostahili kufanyiwa utafiti na kutungiwa kanuni. Utani umewafundisha mashabiki kusamehe, lakini hauwezi kuwafundisha viongozi kusoma kalenda.